Miti Ishindayo Maradhi na Paa za Kibera na Kawangware

Seremala wa Kawangware anapochonga mguu wa kitanda, na fundi wa Kibera anapopigilia pau za kushikilia mabati, mara nyingi huwa ameshika mkononi mbao ya mti usio wa asili ya nchi hii. Mti huo ni saiprasi, ambao watu wengi huuita mti wa Krismasi kwa sababu matawi yake hukatwa kila mwezi wa Desemba kupamba nyumba. Asili yake ni milima ya Meksiko na Guatemala. Mwenzake ni msonobari, nao pia ulitoka Meksiko. Wa tatu ni mkaratusi, uliotoka Australia, nao hutoa nguzo na boriti. Mtu mwenye duka la mbao akiondolewa miti hii mitatu, hatabakiwa na bidhaa nyingi za kuuza.

Lakini si watu wengi wanaojua kwamba miti hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Tangu miaka ya 1940 maradhi na wadudu wameipiga mara kadha miti iliyokuwa ikitegemewa, na kila mara wataalamu wamelazimika kutafuta, kupanda, kupima na kungoja, mpaka ukapatikana mti mwingine uwezao kustahimili. Kazi hiyo kubwa ilifanyika, na hata leo inafanyika, Muguga, mahali palipo magharibi mwa jiji la Nairobi, mbele ya Kawangware ukielekea Limuru. Yafaa tueleze habari zake, maana zamgusa kila mtu alalaye chini ya paa la mbao.

KIBERA MAANA YAKE NI MSITU

Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, Kibra, ambalo maana yake ni msitu. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles walipopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, mahali hapo palikuwa na miti mingi, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilipatenga rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Mpaka leo msitu wa Ngong Road wapakana na mtaa huo. Kawangware nayo ilikuwa sehemu ya nchi ya mashamba ya Dagoretti, ikaingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963.

Watu walipoongezeka, miti ya karibu ilikatwa, na haja ya mbao ikazidi. Chumba kimoja tu cha kupangisha chahitaji nguzo za pembeni, fito za ukuta, pau za paa, mlango, na fremu ya dirisha. Kisha aingiapo mpangaji huhitaji kitanda, meza, na kabati la vyombo. Vyote hivyo hutoka mtini. Miti ya asili ya nyanda zetu za juu, kama mwangati, podo na mzeituni mwitu, ni mizuri mno na mbao zake hudumu, ila hukua polepole. Mtu akipanda mwangati leo, huenda mjukuu wake ndiye atakayeupasua mbao.

Kwa sababu hiyo, tangu mapema katika karne ya 20, Idara ya Misitu ilianza kupanda miti ya kigeni ikuayo upesi. Wakulima walipewa ruhusa ya kulima mahindi na viazi katika sehemu za msitu zilizokatwa, kwa sharti kwamba waipande na kuipalilia miche ya serikali katikati ya mazao yao. Mpango huo uliitwa mfumo wa shamba. Hivyo basi mikono iliyoiotesha misitu hii ilikuwa ya wakulima wa Kiafrika, na wengi wa wajukuu wao leo ndio wanaoinunua kwa futi katika maduka ya mjini.

SAIPRASI YA KWANZA YAPATWA NA DONDA

Saiprasi iliyopendwa mwanzoni siyo hii tuijuayo sasa. Ilikuwa ile ya Monterey, katika pwani ya California, nchini Marekani, ambayo wataalamu huiita Cupressus macrocarpa. Ilikua vizuri katika baridi ya nyanda za juu, ikapandwa kwa wingi katika misitu ya serikali, na pia ikapandwa kuwa nyua za nyumba na mashamba.

Katika miaka ya 1940 miti hiyo ilianza kufa. Utomvu ulichuruzika kutoka katika shina, gome likapasuka na kudidimia, na sehemu iliyo juu ya kidonda ikakauka. Mkosaji alikuwa kuvu, jamii ya ukungu, aingiaye mtini kwa njia ya jeraha. Mbegu zake ndogo zisizoonekana kwa macho husambazwa na matone ya mvua. Hapo ndipo ilipoonekana taabu kubwa: mti wa mbao hauna budi kupogolewa matawi ili shina litoke safi bila vifundo, na kila tawi likatwapo huacha jeraha, na kila jeraha ni mlango wa maradhi.

Mwaka 1948 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki liliundwa, na makao yake yakawa Muguga. Mmoja wa wataalamu waliolishughulikia donda hilo ni D. Rudd Jones, ambaye utafiti wake ulianza kuchapishwa mwaka 1953. Jambo lililodhihirika ni hili: saiprasi ya California ilikuwa dhaifu sana mbele ya kuvu huyo, lakini saiprasi ya Meksiko, Cupressus lusitanica, ilistahimili zaidi. Basi upandaji wa ile ya kwanza ukaachwa, na ya pili ikachukua mahali pake. Hiyo ndiyo saiprasi iliyomo leo katika maduka ya mbao ya Kawangware. Fundi aishikapo ubao wake, ajue ameshika mti ulioshinda mtihani ambao mwenzake alishindwa.

MSONOBARI NAO ULIFUATA

Haukupita muda mrefu, yakatokea mengine. Msonobari uliopendwa ulikuwa Pinus radiata, nao pia wa Monterey. Mwaka 1957 ugonjwa wa majani uitwao Dothistroma ulionekana Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umekwisha kuingia katika misitu ya Kenya. Majani membamba ya msonobari yalipata mistari myekundu, yakafa kutoka nchani, yakaanguka. Mti mchanga uliopotewa na majani yake mwaka hata mwaka ulidumaa, na mwingi ulikufa.

Njia mbili zilijaribiwa. Ya kwanza ni dawa ya shaba iliyonyunyizwa kutoka katika ndege. Dawa hiyo ilifanya kazi, na nchi ya New Zealand, iliyoupata ugonjwa huo mwaka 1964, huitumia hata leo. Lakini kuinyunyizia milima mizima kwahitaji fedha nyingi. Njia ya pili ilikuwa kubadili mti. Msonobari wa Meksiko, Pinus patula, haukudhurika kwa ugonjwa huo kama mwenzake, na Kenya ilichagua njia hiyo. Misitu ya Turbo, iliyokusudiwa kukilisha kiwanda cha karatasi cha Webuye, ilipandwa kwa wingi msonobari wa aina hiyo.

YALIYOWAPATA WATU WA ULAYA

Msomaji asidhani kwamba misiba hii ni ya Afrika peke yake. Huko Ulaya na Marekani kulikuwa na mti mkubwa wa kivuli uitwao elmu. Ulipandwa kandokando ya barabara za miji na katika mipaka ya mashamba, kama sisi tupandavyo mgrevilia. Karibu na mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, elmu zilianza kunyauka katika Ufaransa na Uholanzi. Wengine walidhani ni gesi ya vita iliyoziua. Mwaka 1922 binti mmoja wa Kiholanzi, Bea Schwarz, mwanafunzi wa Profesa Johanna Westerdijk, alionyesha kwamba mkosaji ni kuvu. Kuvu huyo huchukuliwa na mbawakawa wadogo watoboao gome, akaziba mishipa inayopandisha maji, na mti ukafa kwa kiu ingawa mizizi imo katika ardhi yenye maji.

Waholanzi walianza kuotesha maelfu ya miche ya elmu na kuitia ugonjwa kwa makusudi, ili waone ipi itapona. Mmoja wa walioishika kazi hiyo alikuwa Christine Buisman. Alifariki mwaka 1936 angali kijana, na elmu ya kwanza iliyochaguliwa kwa uwezo wake wa kustahimili ikapewa jina lake. Watu walifurahi, lakini furaha haikudumu. Katika miaka ya 1960 kuvu mwingine, mkali kuliko wa kwanza, aliingia Uingereza ndani ya magogo yaliyotoka Amerika Kaskazini. Zaidi ya elmu milioni 25 zilipotea katika Uingereza peke yake, na baadhi ya miti iliyoushinda ugonjwa wa kwanza ilishindwa na wa pili. Kazi ikaanza upya. Mwaka 1995 Wamarekani walitoa elmu mbili mpya, Valley Forge na New Harmony, baada ya majaribio ya miaka mingi.

Katika habari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza, mti ulioshinda jana si lazima ushinde kesho. La pili, adui aweza kuingia nchini akiwa amefichwa ndani ya bidhaa halali. Mafunzo yote mawili tuliyapata sisi wenyewe.

KIDUKARI WA MWAKA 1990

Saiprasi ya Meksiko, iliyoshinda donda, ilitawala misitu yetu kwa muda wa miaka arobaini hivi. Katika muda huo watu walisahau kwamba ilikuwa imewekwa kuziba pengo. Ndipo mwaka 1986 alipoonekana Malawi mdudu mdogo, kidukari wa rangi ya hudhurungi. Akasafiri kuelekea kaskazini nchi kwa nchi, na mwaka 1990 alionekana Kenya.

Kidukari huyu hukaa matawini katika makundi, akitumbukiza mdomo wake kama sindano ndani ya gome na kunyonya utomvu. Mate yake hudhuru mti kama sumu. Tawi huanza kukauka kwa ndani, karibu na shina, kisha ukavu husambaa kuelekea nje, mpaka mti uliokuwa kijani huonekana kama uliounguzwa kwa moto. Tena hutoa maji matamu yanayonata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Jike hahitaji dume ili azae, naye huzaa watoto walio hai. Kwa hiyo mmoja tu aliyechukuliwa na upepo, au aliyeshikamana na mche uliobebwa kwa gari, aweza kuanzisha kundi zima mahali papya.

Watu wa Dagoretti, Kikuyu na Limuru hawakuhitaji kwenda msituni kuuona msiba huo. Nyua za saiprasi zilizozunguka nyumba zao, zilizokatwa vizuri kama ukuta, zilikauka mbele ya macho yao. Hata mwangati, mti wetu wa asili ulio jamaa ya saiprasi, haukusalimika. Kwa muda wataalamu walidhani mdudu huyo ni yule aliyekwisha kujulikana Ulaya. Mwaka 1999 ndipo alipotambuliwa kuwa wa aina ya pekee, akapewa jina lake, Cinara cupressivora. Yaaminika kwamba asili yake ni nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania hadi Uajemi.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Kunyunyizia dawa kila saiprasi nchini lilikuwa jambo lisilowezekana. Sumu ya kiasi hicho ingedhuru nyuki, mito na watu. Basi msaada wa kwanza ulitafutwa kwa mdudu mwingine. Katika Ulaya kuna nyigu mdogo sana, aitwaye Pauesia, asiyeuma mtu wala mnyama. Yeye hutaga yai lake ndani ya mwili wa kidukari. Buu likianguliwa humla kidukari kwa ndani, mpaka abaki ganda kavu tu, kisha nyigu mpya hutoboa ganda na kuruka kwenda kutafuta mwingine. Nyigu hao waliachiwa Malawi mwaka 1994, na baadaye katika nchi nyingine za Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo.

Njia hii haikuwa ngeni kwetu. Mwaka 1944 fukusi mla majani ya mikaratusi alionekana Kenya, na mwaka uliofuata nyigu mwingine, mla mayai ya fukusi huyo, aliletwa kutoka Afrika ya Kusini na kumpunguza sana. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa namna hii hakaribishwi kabla ya kupimwa kwanza ndani ya nyumba iliyofungwa, ihakikishwe kwamba hali kitu kingine ila yule adui aliyeitiwa.

Nyigu peke yake hakutosha. Anapunguza adui, hammalizi. Kwa hiyo swali la zamani lilirudi: je, upo mti uwezao kustahimili?

JINSI MITI INAVYOJARIBIWA

Safari hii wataalamu hawakutafuta jamii nyingine ya mti. Walitazama ndani ya saiprasi ile ile ya Meksiko. Katika ua uliokauka waliona jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho angeweza kuliona: mti mmoja umekufa kabisa, wa pili yake umekauka nusu, na wa tatu bado ni kijani, ingawa yote mitatu ilipandwa siku moja. Je, ule wa tatu ulikuwa na bahati tu, au una nguvu katika damu yake?

Swali hilo halijibiwi kwa kutazama. Hujibiwa kwa kupanda. Mbegu huchumwa kutoka kwa miti mama mingi, na za kila mama huwekwa mbali na za mwingine, zikaandikwa namba. Miche yao huoteshwa kitaluni kwa udongo ule ule na maji yale yale. Kisha hupandwa shambani katika vikundi vidogo vilivyochanganywa kwa kupiga kura, ili watoto wa mama mmoja wasikae wote penye rutuba na wa mwingine wote penye mawe. Jaribio hilo hilo hurudiwa mahali pengine penye baridi zaidi au mvua chache zaidi. Mwaka hata mwaka kila mti hupimwa urefu na unene wake, na hupewa alama kwa kadiri ya vidukari vilivyoonekana juu yake na matawi yaliyokauka.

Ikiwa watoto wa mama mmoja wanapona mahali pote, na watoto wa mwingine wanakufa mahali pote, basi yajulikana kwamba nguvu hiyo imerithiwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye makao yake Muguga, ilishiriki katika kazi hiyo. Mwaka 1997 mtaalamu S. M. Kamunya na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba uwezo wa saiprasi kuvumilia kidukari watofautiana baina ya jamaa moja ya miti na nyingine, na kwamba sehemu ya uwezo huo hurithiwa. Hii ilikuwa habari njema, maana yamaanisha kwamba mtu aweza kuchagua mbegu njema na kupata misitu iliyo imara kuliko iliyotangulia.

Lakini kazi hii yataka subira. Mwenye mahindi huona kosa lake katika miezi michache, akalirekebisha msimu ujao. Saiprasi ya mbao huvunwa baada ya miaka thelathini hivi. Mtaalamu aanzaye jaribio akiwa kijana aweza kustaafu kabla ya kuona mwisho wake. Kwa hiyo daftari za vipimo huwa mali kubwa, na jaribio lililoachwa bila mwangalizi, likakatwa kuni au kulimwa, ni hasara ya miaka isiyoweza kununuliwa tena.

HATARI ILIYOMO KATIKA MAJARIBIO YENYEWE

Hapana budi kusema pia kwamba majaribio yenyewe yamewahi kuleta msiba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vipandikizi vya misonobari vililetwa Kenya kutoka Australia kwa ajili ya kazi ya kuboresha miti. Pamoja navyo waliingia vidukari wenye sufi nyeupe, ambao baadaye walienea katika misitu ya misonobari. Mahali palipokuwa pakitafutwa miti iliyo bora pakawa mlango wa adui mpya. Tangu hapo imezidi kufahamika kwamba mbegu iliyosafishwa ni salama kuliko kipandikizi kibichi, na kwamba ukaguzi wa mimea bandarini na katika uwanja wa ndege si usumbufu wa bure kwa wasafiri.

Mkaratusi nao una habari yake. Tangu mwaka 1997 mikaratusi chotara ya Afrika ya Kusini iliyozalishwa kwa vipandikizi ililetwa na kujaribiwa nchini, ikasifiwa kwa kukua upesi na kunyoka. Mwaka 2002 akatokea nyigu mwingine, huyu akiwa adui, ambaye hutaga mayai katika vikonyo vya majani na kuvifanya vivimbe vinundu. Miche michanga ilijikunja na kudumaa. Ikaonekana kwamba chotara zote hazifanani: nyingine ziliumia sana, nyingine kidogo. Na kwa kuwa miti ya kipandikizi kimoja yote ni nakala ya mti mmoja, palipo na udhaifu, shamba zima lilikuwa dhaifu kwa pamoja.

HASARA HUMFIKIA NANI

Mtu akaaye Kibera aweza kusema, “Mimi sina shamba wala msitu. Mambo ya kuvu na vidukari yanihusu nini?” Jibu laonekana katika bei. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Sababu ya marufuku haikuwa maradhi, bali uharibifu wa misitu na kupungua kwa maji ya mito. Lakini ilituonyesha vizuri jinsi inavyokuwa mbao zikikosekana. Wauzaji walitafuta mbao katika mashamba ya watu binafsi na nchi za jirani, bei ikapanda, na maseremala wengi wadogo wakakosa kazi. Mnunuzi wa kitanda humwambia fundi, “Fundi, mwezi jana ulinitajia bei nyingine,” naye fundi hujibu, “Mama, si mimi, ni mbao.” Wote wawili husema kweli.

Ikiwa amri iliyoandikwa kwenye karatasi, ambayo yaweza kufutwa kwa tamko, ilileta taabu hiyo, msomaji na afikiri taabu ya ugonjwa usiosikia tamko la mtu, uuao miti ambayo yahitaji miaka thelathini kuotesha tena. Tajiri ataagiza vyuma na mbao za ng'ambo. Mwenye chumba kimoja hana njia hiyo. Yeye ndiye wa kwanza kupandishiwa kodi ya nyumba, na wa mwisho kutengenezewa paa lililooza.

YATUPASAYO KUFANYA

Serikali imeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na kila msimu wa mvua watu wa shule, makanisa, misikiti na vyama vya vijana hutoka na majembe. Ni jambo la kusifiwa. Lakini hesabu ya miche si kitu cha pekee cha kutazamwa. Mche ulio dhaifu hutia hasara kuliko shimo tupu, maana hupoteza miaka, kisha huwa makao ya wadudu wa kuambukiza mingine. Kwa hiyo twawashauri wasomaji mambo haya.

Kwanza, mnunuzi wa miche katika vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong au Kawangware na amwulize mwenye kitalu mbegu zake zilitoka wapi. Mbegu zilizokusanywa chini ya mti wowote wa jirani hazina historia. KEFRI huuza mbegu za miti iliyochaguliwa, na mwenye kitalu aliyezinunua hatashindwa kusema.

Pili, tusipande aina moja tu. Mwenye shamba au shule yenye uwanja na achanganye saiprasi na mgrevilia, mukinduri, mwangati, na muiri, kwa kadiri ya nafasi na udongo wake. Adui wa mmoja mara nyingi hawezi kumdhuru mwingine. Mahali penye aina tano, ugonjwa ukija hupata kimoja na kuviacha vinne.

Tatu, tuijue miti yetu na kuikagua. Ua ukianza kuwa na rangi ya hudhurungi kutoka ndani, ukaonekana na masizi meusi na maji yanayonata, yafaa matawi yaliyo na vidukari yakatwe na kuchomwa moto mahali pale pale, wala yasibebwe kwenda mtaa mwingine kuwa kuni au pambo la Krismasi. Tena ofisa wa misitu aliye karibu apashwe habari.

Nne, anayepogoa miti asipogoe wakati wa mvua nyingi, wala asiache gome limechanika. Panga butu ni rafiki wa maradhi. Msumeno mkali unaokata mahali safi, kisha ukafutwa kabla ya kwenda mti wa pili, ni kinga isiyogharimu kitu.

Na la mwisho, anayeona mti wa saiprasi uliobaki kijani katikati ya ua uliokauka, asiukate upesi kwa kuwa umebaki peke yake. Huenda huo ndio mti wenye thamani kuliko yote iliyokuwapo. Awaonyeshe watu wa Muguga mahali ulipo, wachume mbegu zake na kuzijaribu. Katika misiba yote tuliyoieleza, kazi ya kutafuta mti bora ilianza kwa namna hiyo: mtu aliona mmoja uliosimama, akauliza kwa nini.